Ugiriki ya 2015: Kukataa Kubana Matumizi Si Kukataa Kulipa Deni

Kila ninapowafundisha wanunuzi wa hati fungani (hati za mkopo ambazo serikali huwauzia wawekezaji) namna ya kuipima serikali kama mkopaji, hakosi mtu wa kunyosha mkono na kuitaja Ugiriki: serikali mpya iliingia madarakani, ikagoma kulipa, nchi ikaporomoka. Nimelisikia dai hilo mara nyingi mno, hata kwa watu wanaosoma mizania bila shida, na ndiyo maana nitalijibu kwa kirefu kuliko mengine.

Dhana: Syriza ilipinga kubana matumizi kwa sababu haikutaka kulipa.

Serikali ya Alexis Tsipras, kiongozi wa Syriza, chama cha mrengo wa kushoto kilichoshinda uchaguzi wa tarehe 25 Januari 2015, ilibishania ukubwa wa ziada ya bajeti kabla ya riba, yaani kiasi ambacho mapato ya serikali huzidi matumizi yake bila kuhesabu riba ya madeni. Programu ya mikopo iliyorithiwa iliitaka nchi ifikishe ziada ya asilimia 4.5 ya pato la taifa mwaka 2016, naye waziri wa fedha, Yanis Varoufakis, alitaka asilimia 1 hadi 1.5. Kwa uchumi wa takriban euro bilioni 180, tofauti hiyo ni zaidi ya bilioni 5 kwa mwaka, ambazo zingetoka kwenye pensheni, hospitali na mishahara ya nchi iliyokwisha kupoteza karibu robo ya pato lake, na ambako mtu mmoja kati ya wanne katika nguvu kazi hakuwa na ajira.

Wanaosema iligoma kulipa hawajautazama mwenendo wa malipo yenyewe. Tarehe 9 Aprili Ugiriki iliilipa IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) takriban euro milioni 450. Tarehe 20 Aprili, hazina ikikaribia kukauka, serikali ilitoa amri kwamba halmashauri na mashirika ya umma yahamishie akiba zao Benki Kuu ya Ugiriki, na tarehe 12 Mei ikalipa takriban milioni 750 nyingine, sehemu kubwa ikichotwa katika akiba yake iliyokuwa ndani ya IMF hiyo hiyo. Anayekusudia kuwadhulumu wadai hahangaiki kukomba masanduku ya halmashauri ili awalipe. Mwezi Juni iliomba malipo yake manne yaunganishwe na kulipwa siku ya mwisho ya mwezi, utaratibu halali ambao kabla ya hapo ulikuwa umetumiwa na Zambia pekee, katikati ya miaka ya 1980. Malipo hayo, kama bilioni 1.5, ndiyo yaliyoshindikana tarehe 30 Juni, na yalilipwa tarehe 20 Julai baada ya mkopo wa muda kupatikana.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba takwimu wanayoitoa kama ushahidi, uwiano wa deni kwa pato la taifa, ndiyo inayowaumbua. Mwaka 2009 deni lilikuwa karibu euro bilioni 300, sawa na asilimia 127 hivi ya pato la taifa; mwaka 2014 lilikuwa karibu bilioni 320, lakini uwiano ulikuwa umepanda hadi karibu asilimia 180. Ni kweli kwamba wakopeshaji binafsi walifuta zaidi ya bilioni 100 mwaka 2012 na mikopo mipya ya serikali za Ulaya ikaziba pengo. Hata hivyo, kilichoupandisha uwiano kwa kiasi kikubwa ni pato kushuka, na ubanaji matumizi ulichangia kulishusha.

Ushauri wangu haujabadilika: usiniletee uwiano, niletee kalenda ya malipo. Mikopo ya mfuko wa uokozi wa Ulaya ilikuwa na muda wa wastani unaozidi miaka 30, riba yake nyingi ikiwa imeahirishwa. Nchi ilinaswa na malipo ya miezi michache, ya IMF na ya hati fungani za takriban bilioni 3.5 zilizoshikwa na Benki Kuu ya Ulaya, ambazo ziliiva tarehe 20 Julai.

Dhana: Wangeshikilia msimamo, wadai wangelegea.

Hii huletwa na upande wa pili, nao wananichosha vilevile. Serikali ya Ugiriki haina mamlaka ya kujichapishia euro. Tangu Februari Benki Kuu ya Ulaya ilikuwa imeacha kuzipokea hati fungani za Ugiriki kama dhamana ya mikopo ya kawaida, hivyo benki za nchi zikaegemea ukwasi wa dharura, yaani mikopo ya Benki Kuu ya Ugiriki inayotolewa kwa idhini ya Benki Kuu ya Ulaya, ambao kikomo chake kilifika karibu bilioni 89. Tarehe 28 Juni Benki hiyo ilikataa kukiongeza, na kesho yake benki zikafungwa, mwenye akaunti akiruhusiwa kutoa euro 60 tu kwa siku. Kwa maoni yangu mjadala uliishia hapo, wiki moja kabla ya wapiga kura kusema neno. Anayetaka kujadili deni katika sarafu asiyoimiliki azitafutie benki zake ukwasi kwanza, hotuba baadaye.

Dhana: Kura ya maoni ya tarehe 5 Julai ilihusu kujitoa katika euro.

Haikuhusu. Swali lilikuwa kama mapendekezo ya wadai ya tarehe 25 Juni yakubaliwe, na zaidi ya asilimia 61 walisema hapana.

Dhana: Fedha za uokozi walikula Wagiriki.

Sehemu kubwa ililipa madeni yaliyoiva na riba, na nyingine ikaongezea benki mtaji.

Dhana: Mwishowe hawakuambulia kitu.

Walikubali masharti magumu mwezi Julai, lakini programu ya tatu, ya hadi bilioni 86, ilishusha malengo ya ziada: asilimia 0.5 mwaka 2016, 1.75 mwaka 2017, na 3.5 mwaka 2018. Juni 2018 mawaziri wa fedha wa kanda ya euro walisogeza mbele kwa miaka kumi ulipaji wa sehemu kubwa ya mikopo ya mfuko wa uokozi. Kwa upande wake, Ugiriki iliahidi ziada ya asilimia 3.5 hadi 2022, kisha wastani wa asilimia 2.2 hadi 2060, ahadi ambayo mimi, kama ningekuwa mdai, nisingeithamini kuliko ile kalenda mpya ya malipo.