Turubai juu ya paa si paa

Mvua zikianza Mtwara, usemi huu huanza nazo: "Paa tumeshatengeneza, tumeweka turubai." Hamjatengeneza, mmefunika. Kifuniko cha muda ni turubai au nailoni nzito inayolikinga jengo na mvua lisizidi kuharibika wakati linasubiri bati, mbao au fedha. Basi.

Kinachoudhi ni watu kulisikia neno "muda" wakadhani ni kitu cha kufunga na kusahau. Bati lililopigiliwa vizuri unaweza kuliacha miaka. Turubai linataka kuangaliwa kila baada ya upepo mkali, na kabla ya mvua kubwa pia. Jua hulipausha na kulikausha, mwisho ukilikunja linapasuka. Kamba zikilegea, linaanza kupigapiga na ukingo wa bati unalikata kama msumeno. Likibonyea katikati, maji yanatuama: kina cha sentimita 10 kwenye mita 1 ya mraba ni kilo 100, juu ya papi, zile mbao nyembamba zinazobeba bati, ambazo huenda zimeshaoza.

Kukagua, basi, si kusimama uani ukaona rangi ya bluu ingalipo. Ingia ndani mchana, zima taa, tafuta vitobo vya mwanga. Kisha panda ngazi (usikanyage turubai lililolowa, linateleza vibaya) utazame kama limevuka mgongo wa paa na kushuka upande wa pili. Likiishia kabla ya hapo, maji yanapita chini yake. Kingo nazo: je, zimeviringishwa kwenye ubao, ndipo ubao ukapigiliwa? Au misumari imepenya plastiki yenyewe? Hiyo ya pili itachanika kuanzia kwenye tundu la msumari. Mawe na matofali ya kukandamizia yashushwe, maana upepo ukilinyanyua turubai yatamwangukia mtu. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kilitukwepa kikaingia Msumbiji, lakini Lindi ilipigwa na kimbunga mwaka 1952, kwa hiyo tusijione salama.

Nyumba ya makuti ina shauri lake. Ukiifunika ikiwa imelowa, bila kuacha upenyo wa hewa, makuti yanaozea humo humo.

Fundi akikuambia turubai limeshafungwa, mshukuru, halafu muulize atarudi lini kulikaza.