Kwani Dunhill si sigara?

Kila nikikaa na kiko cha Dunhill mezani nakikwangua masizi, lazima apite mtu aulize, fundi, kwani Dunhill si sigara? Ni sigara ndio, ukiwa Nairobi unaikuta kwenye paketi, ila jina lenyewe lilipata sifa kwenye viko na tumbaku ya kuchanganya.

Na hata huko Alfred Dunhill hakuanzia. Mwaka 1893 alichukua biashara ya baba yake London, matandiko ya farasi, alafu magari ndio hayo yanaingia, akaona huku tutalala njaa akageukia vitu vya wenye magari, honi, taa, makoti ya ngozi, miwani. Sasa magari ya enzi zile yako wazi, upepo wote usoni, kiko utavutaje? 1904 akatoa kiko ambacho ukingo wa bakuli umeinuliwa upande wa mbele kukinga upepo. Kwa macho yangu ni kibaya, kama kikombe kilichovunjika, lakini ndicho kilichomwingiza kwenye mambo ya moshi, na 1907 akafungua duka la tumbaku pale Duke Street.

Utamu wa lile duka ni kwamba mteja anachanganyiwa yake, anasema anataka kali au laini, wanajaribu jaribu, ikikaa sawa inaandikwa kwenye daftari na kupewa namba, siku akirudi anataja namba tu basi, kama vile fundi cherehani ana vipimo vyako. My Mixture 965, mmoja wa michanganyiko ya Dunhill, jina limetokana na utaratibu huo.

Ndani yake kuna Latakia, jani la tumbaku linaloning'inizwa juu ya moshi wa kuni mpaka linakuwa jeusi. Fungua kopo uone, harufu sio ya tumbaku kabisa, ni kibuyu cha maziwa kilichofukizwa, au samaki wa moshi. Mke wangu aliniambia hilo lifungulie nje. Kwenye michanganyiko yao mingine, Early Morning Pipe ina Latakia kidogo, Nightcap ndio imejaa, na juu yake wanaweka perique, tumbaku ya Louisiana kule Marekani, hiyo inagandamizwa kwenye mapipa mpaka inachacha, inawasha kama pilipili manga. (Mimi nimeacha kuvuta, kifua kilikataa, nimebaki na ufundi na pua.)

Duka lilipigwa bomu 1941 wakatoa meza nje kwenye vifusi wakaendelea kuuza. Kilichobadilisha tumbaku ni kuhamahama: 1981 kazi ya kuitengeneza ikapelekwa kiwanda cha Murray's huko Belfast, 2005 kiwanda cha Orlik Denmark, 2018 tumbaku hizo zikasimamishwa, 2019 zikarudi kwa jina la Peterson, watengeneza viko wa Ireland. Ndio maana wazee wa viko hawaishi kubishana kopo lipi ndilo lenyewe. Mimi naona wanalinganisha vitu visivyolingana, Latakia yenyewe zamani ilikuwa ya Syria siku hizi ya Saiprasi, na kopo likikaa miaka 30 ule moshi unafifia hata kama hujaligusa, kwahiyo unachosifia pengine ni uzee wa kopo wala sio mchanganyaji.

Hiki cha leo kina ile nukta nyeupe juu ya mdomo, na ubavuni baada ya MADE IN ENGLAND kuna kitarakimu cha mwaka kimefutika nusu. Nimeshakipitisha spiriti mara tatu, pamba bado inatoka nyeusi, na bado kinanuka kibuyu.