Kukohoa hakuzibui mshipa wa moyo

Ule ujumbe wa "ukipata mshtuko wa moyo ukiwa peke yako, kohoa kwa nguvu" umerudi tena kwenye magrupu ya WhatsApp. Ni wa zamani. Tangu 1999 ulikuwa ukizunguka kwa barua pepe, ukiitaja hospitali ya Marekani kana kwamba ndiyo iliyouthibitisha. Chama cha Moyo cha Marekani hakiungi mkono jambo hilo.

Mimi ni daktari wa moyo hapa Dar, na kinachonikera ni kwamba ujumbe huo una chembe ya ukweli. Mgonjwa akiwa kitandani kwetu, kaunganishwa na mashine, mapigo yakavurugika ghafla, tunaweza kumwambia akohoe: msukumo wa kifuani hupeleka damu kichwani kwa sekunde chache wakati tunajiandaa. Mshtuko wa moyo ni kitu kingine. Mara nyingi ni damu iliyoganda na kuziba mshipa unaolisha msuli wa moyo, huku moyo wenyewe bado unadunda. Ukohoe usikohoe, mshipa umeziba vilevile na msuli unaendelea kufa.

Kifua kubana kama umekaliwa na mtu, maumivu kwenda mkononi, mgongoni au kwenye taya, jasho la baridi, pumzi kukata: hizo wengi wanazijua. Wanaonitia wasiwasi ni wanawake, wazee na wenye kisukari, ambao huweza kuja na uchovu wa ghafla, kichefuchefu au chembe ya moyo kuwaka tu. Hao ndio huambiwa "vidonda vya tumbo hivyo" na kununuliwa dawa ya gesi. Kwangu, tumbo la juu linalouma na jasho linalotiririka si gesi mpaka ECG, kipimo cha umeme wa moyo, iseme.

Usiendeshe gari, wala usipande bodaboda peke yako. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, huzibua mishipa, ila kama uko Mbagala na foleni imekaza, anzia hospitali ya karibu yenye ECG. Aspirini ya miligramu 300 tafuna, usiimeze nzima, isipokuwa inakudhuru au unatokwa na damu tumboni.

Ujumbe wowote wa afya naupima hivi: nikiufuata, utanichelewesha kufika hospitali? Huu wa kukohoa unachelewesha. Na kama aliyeutuma kwenye grupu la ukoo ni baba mkubwa, usimsahihishe mbele za watu; atabisha tu. Mpigie, "Shikamoo baba", kisha mwombe aufute mwenyewe.