Ukuaji wa kufidia: mtoto aliyeasiliwa kutoka nchi nyingine hukua vipi?

Mtoto ana miezi 20. Hatembei, neno la kueleweka hana, na nguo zinazomtosha ni za mtoto wa mwaka mmoja. Ameasiliwa kutoka kituo cha watoto katika nchi ya mbali, na anayemlinganisha na wa rika lake atasema huyu ana kasoro. Miezi minane baadaye anakimbia, na viatu alivyokuja navyo havimwingii tena. Hicho ndicho kinachoitwa ukuaji wa kufidia: mtoto aliyecheleweshwa na mazingira, akipata chakula, matibabu na mtu wake mwenyewe wa kumlea, hukua mbio kuliko wenzake mpaka awakaribie au awafikie.

Amecheleweshwa, hakuchelewa. Kituoni mlezi mmoja huwa na watoto wengi kuliko mikono yake. Wanalishwa kwa zamu, wanabadilishwa nepi kwa zamu, na anayelia usiku huishia kunyamaza mwenyewe. Mtoto asiyebebwa wala kusemeshwa anaweza kudumaa hata kama sahani haikosi kitu. Madaktari wanaowapokea watoto hawa wana kadirio lao: kila miezi 3 kituoni humpunguzia mtoto kimo cha mwezi 1 hivi wa ukuaji. Aliyekaa humo mwaka na nusu atafika akiwa na urefu wa mtoto aliye mdogo kwake kwa nusu mwaka.

Mengi tunayoyajua yametoka Romania. Utawala wa dikteta wa huko, Ceaușescu, ulipoanguka Desemba 1989, dunia iliona vituo vilivyojaa watoto waliodhoofu, na familia nyingi za nje zikaenda kuwachukua. Uingereza, daktari wa akili za watoto Michael Rutter na wenzake waliwafuatilia watoto 165 walioasiliwa kutoka huko, pamoja na 52 waliozaliwa Uingereza kwenyewe na kuasiliwa wakiwa wachanga. Waliotoka kabla ya kutimiza miezi 6 waliwafikia wenzao karibu katika kila kitu. Waliokaa zaidi ya hapo nao walipiga hatua kubwa, ila wengi walibaki na matatizo ya umakini na ya kuhusiana na watu, yakawafuata hadi utu uzima. Hata hivyo, katika kundi hilo la waliokaa muda mrefu, karibu mmoja kati ya watano hakuonyesha tatizo lolote katika vipimo vyote. Kwa hiyo ule mwezi wa sita usichukuliwe kama hukumu.

Ndiyo maana muda wa kusubiri si jambo la makaratasi tu. Mwaka 2013 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipositisha vibali vya watoto walioasiliwa kuondoka nchini, kulikuwa na watoto ambao kisheria walikwisha kuwa na wazazi ng'ambo. Wengine walikaa kituoni hadi 2016. Kwa mtoto wa miaka miwili, hiyo ni zaidi ya umri wake wote.

Kufidia hakuendi sambamba. Uzito kwa kawaida hurudi mapema, kimo hufuata, na mzunguko wa kichwa mara nyingi huwa wa mwisho na haufikii kikamilifu.

Lugha ina njia yake, na hapa watu hukosea sana. Mtoto huyu si kama mtoto wa Mombasa anayesema Kigiriama nyumbani na Kiswahili mtaani. Yeye haongezi lugha, anabadilishiwa. Ile ya kwanza humtoka mdomoni ndani ya miezi michache kwa sababu hakuna tena anayemjibu kwa lugha hiyo, na mpya bado haijaingia. Kwa hiyo kumpa jaribio la maneno wiki ya tatu ni kumwonea. Bora kuhesabu tangu siku aliyofika, na kuangalia kama kila mwezi anaelewa zaidi ya mwezi uliopita. Asipoongeza kitu, apelekwe kwa mtaalamu bila kungoja, kuanzia na kupimwa masikio. Lakini lugha ya kwanza haifutiki yote. Utafiti wa Montreal wa 2014 uliwapima wasichana walioasiliwa kutoka China wakiwa wadogo, wasiojua Kichina hata kidogo. Waliposikia toni za lugha hiyo, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno, ubongo wao uliitikia kama wa wanaoisema.

La kuwa mtu wa mtu, yaani kushikamana na mlezi aliye wake, ndilo gumu kuliko yote, na dalili zake hudanganya. Mtoto anayefika leo na kumkumbatia kila mgeni, akiwa tayari kuondoka na yeyote sokoni, husifiwa kuwa mchangamfu. Mara nyingi ni mtoto ambaye bado hajajua yupi ni wake. Miezi ikipita, anaanza kulia mama akiingia msalani, anamkataa jirani aliyezoea kumbeba, anaamka usiku kuhakikisha kitanda cha wazazi kina watu. Wazazi hupiga simu kwa daktari wakisema mtoto amerudi nyuma. Daktari anayewajua watoto hawa huandika kwenye faili: maendeleo.