Je, Wajua Kwa Nini Mitaa ya Kale ya Iringa Inanukia Pwani?

Kutoka Iringa hadi baharini ni mwendo wa kilomita kama 500. Mnazi hauoti hapa, Juni na Julai watu hawatoki nyumbani bila koti, na upepo unaopanda kutoka bonde la Ruaha Mdogo hauna chumvi hata chembe. Lakini pita Uhindini, mtaa wa katikati ya mji, saa moja asubuhi ukielekea sokoni. Vitumbua vinageuzwa kwenye chuma, sambusa zinaopolewa kwenye mafuta, iliki inapanda na mvuke wa chai. Mgeni wangu mmoja kutoka Tanga alisimama pale akashika kiuno: "Hivi ninyi Wahehe vitumbua mlifundishwa na nani?"

Swali lake ni zuri kuliko alivyodhani, kwa sababu jibu lake ndilo historia ya mji wenyewe. Iringa hii tunayoishi siyo Iringa ya Wahehe. Ni ya pili.

Ya kwanza iko Kalenga, kilomita kama 15 kutoka hapa, kandokando ya mto uleule wa Ruaha Mdogo. Neno Iringa limetokana na "lilinga", yaani ngome kwa Kihehe, na ngome yenyewe ilikuwa ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, iliyozungushiwa ukuta wa mawe. Agosti 1891 jeshi la Mkwawa lilikishambulia kikosi cha Wajerumani pale Lugalo na kukivunjavunja. Kamanda wao, Emil von Zelewski, alifia palepale. Wajerumani walirudi na mizinga Oktoba 1894 wakaibomoa Kalenga. Mkwawa akaingia porini. Mwaka 1896, yeye bado anapigana, ofisa Tom von Prince alianzisha kituo kipya cha kijeshi huku juu mlimani, wakakiita Iringa Mpya. Jina wakalihamisha kutoka kwenye ngome waliyoivunja wakaliweka kwenye ngome yao. Kwa miaka miwili mji huu ulijengwa huku mwenye jina lake anawindwa, mpaka alipojiua kwa bunduki huko Mlambalasi, Julai 1898, asikamatwe akiwa hai.

Sasa jiulize, nani walikaa katika mji huo mpya? Maofisa wa Kijerumani walikuwa wachache. Walio wengi walikuwa askari weusi waliokusanywa Sudan, Msumbiji na pwani yetu, wapagazi waliopanda milima na mizigo ya takriban kilo 30 kichwani, na wafanyabiashara waliofuata nyuma, Waswahili na Wahindi. Reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, haikugusa Iringa, kwa hiyo kila gunia la chumvi na kila jora la kitambaa lilipanda kwa miguu. Watu wa namna hiyo hawahami na nguo peke yake. Huja na lugha yao, dini yao na namna yao ya kupika wali.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni majina ya mitaa. Katikati ya mji yako kwa Kiswahili: Uhindini, Mshindo, Miyomboni, Makorongoni, Kitanzini. Hilo la mwisho nalitaja kwa sauti ya chini, maana wazee husimulia kwamba hapo ndipo Wajerumani walipokuwa wakiwatia watu kitanzi. Kuna Mivinjeni, na mvinje ni mti ambao mtu wa pwani anaujua kwa kusimama kwake kando ya mchanga wa bahari. Kuna Mlandege na Ilala. Mlandege nyingine utaikuta Unguja, Ilala nyingine Dar es Salaam. Ukianza kutoka katikati ndipo Kihehe kinarudi mdomoni: Kihesa, Mtwivila, Mwangata, Gangilonga. Gangilonga ni jiwe linaloongea, lile jabali linaloutazama mji kutoka juu, ambalo husemwa Mkwawa alikuwa akienda kutafakari hapo. Ukitembea kwa miguu unaweza kusikia kabisa mahali ambapo mji wa askari unakoma na nchi ya Wahehe inaanza.

Chakula nacho kimefuata mstari huohuo, ila hakikukaa kama kilivyokuja. Mlima umekibadilisha.

Chukua kitumbua. Pwani mchele ukiloweshwa, ukasagwa, ukachanganywa na tui, sukari, iliki na hamira, joto lenyewe linauumua haraka. Hapa baridi huichelewesha hamira. Mama ninayenunua kwake karibu na soko huchanganya unga wake jioni, akaufunika na kanga mbili, akauweka ubavuni mwa jiko la mkaa ambalo majivu yake bado yana moto. Saa kumi na moja alfajiri anafunua: uso wa unga una matundu madogo kama sega la nyuki, na ukiinama unasikia unatoa sauti ndogo, ts, ts. Anachota kwa kijiko kirefu, anamimina kwenye vishimo vya chuma, ukingo unashika rangi kabla ya katikati, anaingiza kijiti na kukipindua kwa mkupuo mmoja. Nazi zake zimepanda kwa lori kutoka pwani, kwa hiyo ni ghali, na siku zikiadimika anaongeza maziwa ya ng'ombe. Kitumbua kinakuwa kizito kidogo na cheupe zaidi ndani. Mimi nakipenda hivyo, ingawa mgeni wangu wa Tanga hakukubali.

Pilau pia imelipa kodi ya mlima. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Hayapati joto kamili, kwa hiyo nyama inadai muda na mchele unadai maji kidogo zaidi. Mpishi mgeni asiyejua hilo hupakua wali wenye kiini kigumu. Wenyeji hupalia makaa juu ya mfuniko na kusubiri bila haraka. Mchele unatoka Pawaga, bonde la joto upande wa kaskazini, vitunguu vinatoka Ruaha Mbuyuni, viazi vinatoka vijiji vya baridi. Mdalasini, karafuu na jina la chakula ndivyo vilivyotoka mbali.

Sambusa sizichambui sana, zinajieleza. Wahindi walifungua maduka, maduka yakazaa mtaa, mtaa ukazaa mikahawa. Jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismailia, na mnara wake wa saa bado iko palepale, na sambusa ya viazi unayokula chini yake ina viazi vya huku huku.

Ukitaka kuitembea historia hii, anzia Boma, jengo la Wajerumani lililokuwa hospitali, Waingereza wakaligeuza ofisi, na tangu 2016 ni makumbusho. Teremka sokoni, utazame vikapu vya nyasi za milulu vinavyosukwa na kina mama wa Kihehe. Kula hapo. Kisha panda gari uende Kalenga, kwenye makumbusho linakotunzwa fuvu la Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954.

Ukifika huko msimu wa mvua, ulizia ulanzi, pombe ya mwanzi. Pwani mgema hupanda mnazi kugema tembo. Huku mgema anasimama chini, anakata ncha ya mwanzi mchanga, anafunga mbeta, nayo ni kipande cha mwanzi kinachopokea utomvu, na anarudi asubuhi na jioni kukata upya ili kidonda kisifunge. Wa asubuhi huitwa mtogwa, mtamu, hata mtoto anaonjeshwa. Hamira ya porini inaufanyia kazi mchana kutwa, na ukilala unakuwa mkangafu, mkali wa kukunja uso. Huo haukupandishwa mlimani na mpagazi yeyote. Ulikuwepo hapa wakati lilinga la Kalenga lingali na kuta zake.