Dhana potofu kuhusu kubana video, na anayelipia bando

Wapiga video wa Nairobi wanaijua kamera, na kazi zao za harusi na ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) zinaonyesha hivyo. Tatizo huanza kazi ikienda mtandaoni. Ushauri mwingi ambao wahariri hupeana kuhusu kubana video si sahihi, na anayeumia ni mtazamaji aliyenunua bando la siku.

Dhana: Ukitaka faili jepesi, shusha ukubwa wa picha kutoka 1080p hadi 720p.

Uzito wa faili hutokana na mambo mawili: biti zinazotumika kila sekunde, na urefu wa video. Video ya dakika 3 inayotumia megabiti 12 kwa sekunde ni megabaiti 270, iwe 1080p au 720p. Ukiitoa kwa megabiti 2.5, inakuwa kama megabaiti 56. Pikseli, yaani nukta zinazounda picha, huamua tu biti hizo zitatandazwa kwenye eneo kubwa kiasi gani. Kwa kuwa 1080p ina pikseli mara 2.25 ya 720p, biti zikiwa chache ni heri 720p safi kuliko 1080p yenye mabaka. Lakini kushusha pikseli bila kugusa biti hakumwokolei mtazamaji hata shilingi.

Dhana: Kuna kiwango kimoja cha biti kinachofaa kila video.

Hili ndilo linaloharibu kazi nyingi. Kodeki, yaani mbinu ya kubana na kufungua video, haihifadhi kila fremu (picha moja ya video) nzimanzima. Huhifadhi fremu kamili mara mojamoja, na kwa zinazofuata huandika kilichobadilika tu. Mhubiri aliyesimama mbele ya pazia anatosheka na biti chache. Wacheza isukuti, mvua, au majani ya msitu wa Karura yakipigwa na upepo, hawatosheki. Kwa kiwango kilekile picha itavunjika mabaka. Kuna pia mlaji asiyeshukiwa: chengachenga za picha iliyopigwa gizani. Kila chenga hubadilika fremu hadi fremu, na kodeki huihesabu kama mwendo. Taa moja zaidi ukumbini hupunguza biti zinazohitajika.

Kwa hiyo mimi napendelea mpangilio uitwao CRF: unachagua ubora, programu inaamua biti. Katika x264, kibanaji cha kodeki ya H.264 kinachopatikana bure ndani ya programu za kubana video HandBrake na FFmpeg, namba ya kawaida ni 23. Kadiri namba inavyopanda ndivyo faili linavyopungua. Ukiongeza 6, uzito hushuka takriban nusu. Anza na 23, kisha tazama kipande chenye mwendo mwingi kwenye simu ya kawaida, kwa sababu huko ndiko wengi watakakoitazama. Ikiwa safi, jaribu 25 au 26. Chunguza vivuli na anga. Mabaka hujitokeza huko kwanza.

Dhana: MP4 ndiyo nyepesi.

MP4 ni gunia, halikuambii kilichomo. Ndani yake kunaweza kuwa na kodeki tofauti: H.264 ya mwaka 2003, H.265 ya 2013 au AV1 ya 2018. AV1 hutoa faili dogo zaidi kwa ubora uleule, ila kwenye simu isiyo na chipu ya kuifungua hula betri, na kwenye ya zamani hukwamakwama. H.264 hucheza karibu kila mahali. Ukurasa wa wavuti unaweza kubeba zote mbili, kivinjari kikachagua kinayoiweza.

Dhana: Video iliyopitia WhatsApp hurudi ubora ukiitoa upya kwa biti nyingi.

Hairudi. Kilichotupwa kimetupwa, na kila kubana upya hutupa zaidi. Mwombe mteja atume ile ya awali kama hati. Kuifunga kwenye zip nako hakupunguzi kitu cha maana, kwani imeshabanwa.

Dhana: Video ikichelewa kuanza, mtandao ni mbovu.

Huenda ni faili lenyewe. MP4 ina faharasa inayoonyesha kila fremu ilipo, na programu nyingi huiandika mwishoni. Kivinjari hulazimika kuitafuta huko kwanza, pengine hata kungoja faili lote lishuke. Katika HandBrake, weka alama kwenye Web Optimized. Katika FFmpeg, ongeza `-movflags +faststart`. Kama video ilishatoka, tumia amri hiyo pamoja na `-c copy`: faharasa itahamishwa mwanzoni bila picha kubanwa tena.