Ukuta ni sehemu ya nini?

Ninapofundisha falsafa ya Ulaya ya zama za kati, mlango ninaoupenda kuliko yote wa kuingilia swali la kitu kizima na sehemu zake ni mfano wa nyumba. Wasomi wa wakati ule waliurithi kwa Boethius, mwanafalsafa wa Kirumi, na nyumba hiyo ina vitu vitatu tu: msingi, ukuta na paa.

Peter Abelard (1079–1142) anasimulia katika Dialectica, kitabu chake cha mantiki, kwamba mwalimu wake, Roscelin, alikana kabisa kuwa kuna kitu chenye sehemu. Abelard anauita msimamo huo wazimu, ila hoja ya Roscelin si ya kupuuzwa. Nyumba si kitu kingine bali msingi, ukuta na paa. Ukisema ukuta ni sehemu ya nyumba, basi umeufanya kuwa sehemu ya msingi, ya paa, na ya ukuta wenyewe. Kitu kitakuwaje sehemu yake chenyewe? Tena sehemu hutangulia kile inachokiunda. Ukuta utajitanguliaje?

Abelard alijibu kuwa ukuta ni sehemu ya vile vitatu vikiwa pamoja, si ya kimoja kimoja. Kwangu hilo ni jibu zito. Watu kumi wakibeba mtumbwi hadi majini, mtumbwi umebebwa na wote kumi, wala hakuna mmoja kati yao aliyeubeba.

Lakini lina gharama. Kama nyumba ni sehemu zake tu, kitu hakiwezi kuzidi wala kupungua sehemu kikabaki kilekile, na Abelard aliifuata hoja hiyo hadi kwenye kijiwe kimoja cha ukutani. Baadaye, Abelard alipokwisha kuhasiwa na maadui zake, Roscelin alimwandikia barua akimwambia kwamba nyumba iliyoondolewa paa huitwa nyumba pungufu, hivyo naye si Petro tena bali Petro pungufu. Hoja ya darasani imegeuzwa kisu, na kila nikiisoma huumia.

Karne ya 13 Thomas Aquinas alishika njia nyingine: mwili ni mmoja kwa sababu ya nafsi inayoupa uhai, na mkono uliokatwa ni mkono kwa jina tu. Sisi tuna neno linalokaribia wazo hili. Nyumba nzima, mtu mzima, “u mzima?”: ukamilifu na uhai tumeviweka katika neno moja.

Anayenivutia zaidi ni Jean Buridan, wa karne ya 14, kwa kuwa hakutaka “kilekile” iwe na maana moja. Mto Seine ni uleule kwa miaka elfu kwa vile maji hupokezana bila kukatika, si kwamba maji yenyewe yamebaki. Mwanadamu ana zaidi ya hapo, kwani nafsi yake yenye akili haigawanyiki na hudumu yote. Farasi hana nafsi ya namna hiyo. Farasi wa leo na wa mwaka jana, kwa Buridan, ni mmoja kama Seine ilivyo moja.